Gunia laini halimlindi punda: dhana potofu kuhusu tandiko

Ukikaa alfajiri kwenye mwalo upande wa Magu, huku Mwanza, utawaona wakipanda kutoka ziwani: punda, madumu manne ya njano, na mtoto nyuma ameshika fimbo. Mgongoni pana gunia lililokunjwa mara mbili, na juu ya gunia kamba. Hilo ndilo tandiko lenyewe. Sasa mtazame punda huyo pale shingo inapokutana na mgongo, kwenye kile kinundu cha katikati ya mabega. Mara nyingi utakuta kidonda, au kovu, au kiraka cha manyoya meupe.

Nimefuga punda wa maji kwa miaka, na karibu kila kosa nililofanya nilifundishwa na mtu aliyesema kwa uhakika kabisa.

"Tandiko likiwa laini haliumizi"

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Katikati ya mgongo wa punda umepita mstari wa mifupa, na juu ya mifupa ile hakuna nyama, ni ngozi tu. Nyama iko pembeni, juu ya mbavu, kulia na kushoto, na huko ndiko mzigo unakotakiwa kukaa. Gunia lililokunjwa, hata uliongezee kipande cha godoro, linalala juu ya mfupa. Madumu mawili yanavuta kamba upande huu, mawili upande ule, na kamba inaukandamiza mfupa kila punda anapopiga hatua. Sponji nayo inabonyea. Safari haijafika nusu, imeshakuwa nyembamba kama chapati.

Kinachomlinda ni nafasi. Shona mito miwili minene, kila upande mmoja, uiunganishe kwa vipande vya mkanda ili katikati ubaki mfereji wa upana kama wa vidole vinne. Ukishapakia, simama nyuma yake kwa tahadhari, inama, uchungulie. Ukiona mwanga umepenya kutoka upande wa mkia hadi mabegani, tandiko limekaa. Ukiona giza, shusha mzigo. Chungulia mzigo ukiwa juu, maana tandiko tupu hudanganya.

Kuhusu cha kujazia, huku kwetu watu hukimbilia pamba kwa kuwa ipo. Pamba ikilowa jasho hujikusanya mabonge, na bonge moja linachimba kama jiwe. Mimi natumia majani makavu ya mpunga. Yakishalala nayatoa, najaza mengine, na siku ya mavuno hakuna anayeyauza. Kitambaa cha kugusa ngozi kiwe cha pamba kilichofuliwa mpaka kikalainika. Mfuko wa salfeti uuache ubebe mahindi; mgongoni haunyonyi jasho, unateleza na kuchubua.

"Kiunzi cha mbao ni ukatili"

Watu wa farasi nao wana ubishi huu. Ulaya na Marekani baadhi ya wapandaji, hata wale wa mchezo wa dresaji, farasi anapotembea kwa hatua za madaha, hupenda tandiko lisilo na kiunzi ndani, wakisema linafuata umbo la mgongo. Ni kweli linafuata. Lakini farasi mwenye kinundu kirefu akivikwa tandiko la aina hiyo bila kitu kingine, uzito hujikusanya pale mpandaji alipokalia na sehemu ya mbele hushukia kinundu. Kwa hiyo wenye busara huweka chini yake pedi nene zenye mfereji katikati. Mfereji ule ule wa mwaloni Magu! (Farasi wenyewe Mwanza huwaoni sana. Mbung'o wamechangia, na pia ile homa ya farasi inayoenezwa na visubi. Punda huihimili vizuri zaidi.)

Kiunzi kilichochongwa vizuri hugawa mzigo juu ya mbavu na kuinua kamba zisiguse uti wa mgongo. Ubaya wake ni kwamba ni cha punda mmoja. Kiunzi kipana ukimvika punda mwembamba, kinadidimia mpaka kwenye mfupa. Chembamba ukimvika mnene, kingo zinamchimba. Tena punda huyo huyo hubadilika: kiangazi anakonda, mvua zikinyesha na majani yakaota ananenepa. Usije ukapima mara moja ukasema umemaliza. Kwa punda aliyekonda, uti umechomoza, mimi huongeza majani kwenye mito, kisha kiunzi chepesi juu yake. Blanketi peke yake simvishi.

"Likiteleza, kaza mkanda"

Kinundu cha punda ni kifupi kuliko cha farasi na mgongo wake umenyooka, kwa hiyo hakuna kinachozuia tandiko lisiende mbele akiteremka. Ukizidi kukaza, mkanda unakula ngozi nyuma ya miguu ya mbele na kumbana kifua. Dawa ni mkanda wa pili unaozunguka nyuma ya mapaja na kufungwa kwenye tandiko, ili mteremkoni mzigo ushikwe na matako. Yote miwili iwe mipana, kama kiganja. Kamba ya nailoni inaunguza.

Na wanaomfunga nira ya ng'ombe avute mkokoteni: nira imetengenezwa kusukumwa na nundu ya ng'ombe. Punda hana nundu ya namna hiyo, anavuta kwa kifua.

"Manyoya meupe ni alama ya punda mzoefu"

Mnadani wauzaji hukuonyesha kiraka cheupe mgongoni wakisema huyu ameshafundwa kazi. Kufanya kazi amefanya, hilo halina ubishi. Ila manyoya yaligeuka meupe kwa sababu ngozi ilikandamizwa mpaka chembe zinazotengeneza rangi zikafa. Bonyeza kwa vidole taratibu pembeni ya uti, kutoka mabegani kwenda nyuma. Akibonyeza mgongo chini au akigeuka kukutazama kwa hasira, bado anaumia, na bei ishuke.

"Shukrani ya punda ni mateke"

Nilimwita mmoja wangu mkaidi kwa mwaka mzima. Nikimletea gunia anarudi nyuma, anapiga teke, nami namjibu kwa fimbo kwa kuwa punda haendi bila kiboko. Nilipomshonea mito yenye mfereji, wiki ya tatu akawa anasimama mwenyewe akisubiri kupakiwa. Methali zetu zimemwonea huyu mnyama.

Mzigo pia ulikuwa na lake. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20, na manne ni kilo 80. Punda wetu wengi ni wa kilo mia na kitu tu, na kipimo kinachotumiwa sana ni asibebe mgongoni zaidi ya theluthi ya uzito wake. Fanya hesabu mwenyewe: ni madumu mawili. Mkokoteni wenye magurudumu mazuri, uliosawazishwa mbele na nyuma, utakufikishia mengi zaidi kwa safari moja.

"Kidonda, toboa tandiko uendelee na kazi"

Shimo linahamisha uzito kwenye kingo zake, na baada ya siku chache kidonda kinakuwa na pete kukizunguka. Oili chafu ya gari inaunguza nyama mbichi. Majivu yanaleta ganda juu, usaha ukabaki chini. Chemsha maji, acha yapoe, weka kijiko cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, osha asubuhi na jioni, zuia nzi. Kikiwa kirefu au kinanuka, mwite afisa mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamgusa punda kama inavyomgusa ng'ombe, ingawa wengi wetu hudhani ni ya mbwa wa mjini.

Wakati huo wote mgongo ubaki mtupu mpaka ngozi mpya ifunge na manyoya yaanze kuota. Nyumbani kwetu, siku hizo madumu hupanda kwa baiskeli, mawili mawili, na anayesukuma ni yule aliyesahau kuchungulia mwanga.