Wembe wa Sarafu, Mashine ya Laki: Dhana Potofu Kuhusu Vifaa vya Kunyolea Ndevu

Mwanaume wa Mwanza anayetaka kunyoa mwenyewe nyumbani atakuta sokoni aina tatu za mashine za wembe: za plastiki za kutumia na kutupa, za kichwa cha kubadilisha chenye nyembe tatu hadi tano, na ile ya chuma ya kizamani inayopachikwa wembe wa kawaida wenye makali pande mbili. Hii ya mwisho ndiyo yenye maneno mengi. Huyu atakwambia ni ya wazee, yule atakwambia ni ya wenye hela, na muuzaji naye ana lake. Langu ni fupi: hela ya kunyolea itangulie kwenye wembe mpya na povu zuri, mpini uje baadaye.

"Mashine ya bei kubwa ndiyo inayonyoa vizuri"

Ndevu hukatwa na wembe, na wembe wenyewe ni uleule kwenye mashine ya bei yoyote. Kipimo chake ni kimoja dunia nzima: urefu kama milimita 43, upana 22, unene sehemu moja ya kumi ya milimita. Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza ya mashine ya aina hii mwaka 1904, na wembe unaouzwa leo dukani kwa Mangi bado unaingia kwenye mashine za miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo kama babu aliacha mashine kwenye sanduku, usiitupe. Isugue kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya vyombo, toa ukoko uliojaa kwenye nyuzi za skrubu, iloweke kwenye spiriti, isuuze. Umepata mashine bure.

Kazi ya mashine ni kuubana wembe usicheze na kuutoa nje sawasawa pande zote mbili. Mashine mbovu inajulikana hapo, na unaweza kuikagua palepale kwenye meza ya machinga kabla hujatoa hela. Nyingi zina vipande vitatu: mpini, sahani ya chini na kifuniko. Omba wembe, upachike, kaza, kisha inua mashine usawa wa macho uitazame kwa ubavu. Ule mstari mwembamba unaong'aa, unaochungulia nje ya kifuniko, uwe na upana sawa kulia na kushoto, na usiende mshazari. Ukiona upande mmoja umetokeza na wa pili umejificha, legeza, sogeza wembe, kaza tena. Ikijirudia, mrudishie mwenyewe. Halafu gusa ncha fupi za wembe, zile zisizo na makali. Zikicheza, kichwa hakibani. Muuzaji atasema, "Mkuu, hiyo orijino, ukishazoea inaenda tu." Haiendi. Wembe usiobanwa hutetemeka shavuni, na damu unaiona kwenye taulo.

Mashine nyingi za bei nafuu ni za aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Si mbaya hata kidogo. Ubaya wake ni kwamba kromu ikichubuka, maji huanza kuila zinki iliyo chini yake, na nyuzi za mpini ndizo huanza kuisha. Kaza kwa vidole viwili tu, na ukimaliza ifungue ikauke. Za shaba na za chuma kisichoshika kutu hudumu zaidi, lakini hazinyoi zaidi.

"Nyembe tano zinanyoa vizuri kuliko mmoja"

Kwa nywele zilizonyooka, pengine. Kwa kipilipili chetu hesabu inabadilika. Mashine ya nyembe nyingi imeundwa ili wembe wa kwanza uuvute unywele kidogo, na unaofuata uukate kabla haujarudi. Unywele uliokatwa hivyo hujificha chini ya ngozi. Ukiwa umenyooka, utatoka tu. Ukiwa umejikunja, ncha yake kali huchoma ngozi kutokea ndani, au hutoka, hugeuka na kuingia tena jirani. Hivyo ndivyo vile vipele vya kidevuni na shingoni ambavyo vijana wanavipaka kila dawa ya dukani. Madaktari wa ngozi wanasema tatizo hili linawapata wanaume weusi wengi kuliko wengine, kwa sababu ya umbo la unywele na wala si uchafu.

Wembe mmoja unapunguza balaa, hauliondoi. Fuata nywele zinakoelekea, usivute ngozi, usirudi kinyume, usikandamize. Mashine ya chuma ina uzito wake, uache ufanye kazi, ukiilaza kwa pembe ya kama digrii 30. Na kama vipele vyako vimeshakuwa vya usaha na makovu, basi mashine yoyote ya wembe, hata ya laki, si yako kwa sasa. Tumia ile ya umeme, acha ndevu zibaki kama milimita moja, na umwone daktari. Hili wauza vifaa hawalisemi.

"Kizamani ni gharama"

Gharama iko siku ya kwanza tu. Tuseme wembe ni shilingi 200 na unaubadilisha kila wiki: mwaka mzima umetumia 10,400. Linganisha na bei ya pakiti ya vichwa vya kubadilisha pale mjini, utapata jibu mwenyewe.

Tatizo ni wanaume wanaobana hela mahali pasipobanika, wembe mmoja mwezi mzima. Wembe wa kawaida unafaa kunyolea mara tatu hadi saba, kutegemea ugumu wa ndevu. Ukianza kuvuta, umeisha. Na usiufute kwa kitambaa: unaharibu makali na unajikata. Suuza, kung'uta, basi.

"Sabuni ya mche inatosha"

Inatosha kufulia. Shida yake si kutoa povu, maana povu inalitoa jingi. Ni kwamba povu hilo lina mapovu makubwa yanayopasuka, na hujamaliza shavu la pili la kwanza limeshakauka. Sabuni ya kunyolea hutengenezwa kwa asidi ya steariki nyingi, na mara nyingi huwekwa gliserini, ili povu liwe zito, litulie na kushika maji. Kipande kimoja hukaa miezi. Ukikosa, krimu ya kunyolea ya tyubu inafaa, kiasi cha punje ya karanga.

Hapa sisi watu wa Mwanza tuna bahati tusiyoihesabu. Maji ya bomba yanatoka ziwani, na maji ya ziwa hili yana chokaa kidogo, kwa hiyo povu linashika haraka. Aliyewahi kukaa Dodoma akaogea maji ya kisima anajua ninachosema: unasugua sabuni, unapata utando mweupe kwenye beseni. Ndugu yako wa huko anahitaji sabuni nyingi zaidi kuliko wewe kwa ndevu zilezile.

Brashi nayo ina hadithi zake. Utaambiwa ya manyoya ya mnyama ndiyo brashi. Ya nyuzi za plastiki laini inatoa povu vilevile, inakauka upesi na hainuki. Iangalie tu kwenye shina: vuta nyuzi kidogo, zikitoka na vidole, iache. Na ile brashi kubwa ya saluni ya kupangusia nywele shingoni haikutengenezwa kwa kazi hii. Usipokuwa na brashi kabisa, vidole vinafaa, ila ndevu zilowe dakika mbili au tatu kwa maji ya moto kwanza. Ndevu iliyolowa hulainika, na kwa maoni yangu hatua hiyo ya bure inazidi brashi yoyote.

"Maji ya ziwani ni maji tu"

Kwa wanaonyoa ufukweni, kwenye kambi za uvuvi au visiwani Ukerewe: viluwiluwi vya kichocho vipo kwenye maji ya kina kifupi kando ya ziwa, na hupenya hata ngozi nzima isiyo na jeraha. Chemsha maji kwanza, au tumia yaliyokaa kwenye ndoo iliyofunikwa siku mbili. Ya moto yananyoa vizuri zaidi hata hivyo.

"Ikiwasha ndiyo inatibu"

Spiriti inaua vijidudu, kweli, lakini ikimwagwa kila siku kwenye ngozi iliyokwanguliwa inaikausha na kuichubua. Suuza kwa maji baridi, paka mafuta mepesi yasiyo na manukato. Ukijikata, kuna kitu cha bei ndogo ambacho bibi zetu walikitumia kutuliza maji ya tope kwenye mtungi: shabu. Lowesha kipande, kipitishe juu ya mkato, ngozi hubana na damu hukatika. Haiui virusi, kwa hiyo kipande chako kibaki chako.

"Sisi ni ndugu, tunatumia moja"

Hapa hakuna mzaha. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba au zaidi, kwenye damu ambayo jicho halioni. Mashine ya chuma inaweza kurithiwa baada ya kusafishwa, lakini kila mmoja na wembe wake, na kwa siku za kawaida kila mmoja na mashine yake. Saluni nako, sema bila aibu: "Kaka, fungua mpya nione." Kinyozi mzuri hakasiriki.

Wembe wa kukunja wa kinyozi, ule usiobadilishwa, unasifiwa kuwa hauna gharama tena. Haya, nunua na mkanda wa kuunolea, jiwe, na muda wa kujifunza. Kwa anayeanza, hapana.

Nyembe zilizoisha zisiende kwenye mfuko wa taka, wapo watoto wanaopekua jalalani na vijana wanaobeba taka kwa mikono mitupu. Chukua kopo la bati la maziwa ya unga, toboa mwanya mwembamba kwenye mfuniko kwa kisu, uzungushie solotepu usifunguke, uliweke juu ya kabati la bafuni.