Laptopu ya gigabaiti 4 ikiganda, usikimbilie kupiga Linux upya

Dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliniletea laptopu akiwa ameshaichoka. Ilikuwa imepigwa Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mara tatu ndani ya miezi miwili, kila mara na fundi mwingine, na kila mara ikarudi kulekule: akifungua kurasa saba nane za Firefox pamoja na ripoti yake ya LibreOffice, kishale kinaanza kurukaruka, kisha skrini inaganda hadi aizime kwa kushikilia kitufe. "Fundi, si mnasemaga Linux ni nyepesi?"

Mashine yenyewe ni zile za bei poa. Prosesa Celeron N4020 yenye viini viwili, RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa kwenye bodi kiasi kwamba huwezi kuongeza, na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 64, ambayo undugu wake uko karibu zaidi na kadi ya kumbukumbu ya simu kuliko SSD. Hapo kwenye RAM na eMMC ndipo penye kesi. Kupiga mfumo upya hakubadilishi hata kimoja kati ya hivyo.

Laptopu ikihengi, kitu cha kwanza nabonyeza Caps Lock. Taa yake ikiitikia, hata kwa kuchelewa, basi kerneli, yaani kiini cha mfumo, iko hai na inahangaika tu. Najaribu pia Ctrl+Alt+F3 na kusubiri. Skrini nyeusi ya kuingilia ikija baada ya dakika mbili, jibu ni hilohilo. Kukiwa kimya kabisa, huo ni ugonjwa mwingine, nitaugusia mwishoni.

Ya dada huyu ilikuwa hai. Niliiwasha upya, nikaandika `vmstat 1` kwenye terminali, nikaanza kufungua kurasa zilezile anazozitumia yeye. Mwanzoni safu za si na so, zinazoonyesha data inayorudi kutoka swapu na inayokwenda huko (swapu ni sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa), zilisoma sifuri. Ukurasa wa sita zikaanza kuruka kwa maelfu, na safu ya wa, yaani muda ambao prosesa inakaa bure ikiisubiri diski, ikapita 80. Prosesa haikuwa na kazi nzito hata kidogo. Ilikuwa kwenye foleni. `free -h` nayo ikaonyesha zimebaki megabaiti mia na ushee. (Soma safu ya available, siyo free. Linux hutumia RAM iliyokaa bure kutunza mafaili, kwa hiyo free kuwa ndogo si dalili ya chochote.)

Mfikirie mama lishe mwenye jiko moja na sufuria sita. Anateremsha wali abandike maharage, anateremsha maharage abandike mchuzi, na wateja wanasubiri hakuna kinachoiva. RAM ikijaa, kerneli hufanya hivyohivyo: inapeleka vipande vya kumbukumbu kwenye swapu, na sekunde hiyohiyo programu inavidai tena. Kwenye SSD nzuri ungevumilia. Kwenye eMMC kila mzunguko ni safari.

Sasa kuna ushauri unaozunguka sana kwamba uzime swapu kabisa. Nilishauamini zamani, na unapotosha. Bila swapu, kerneli inabaki na njia ya kutupa vipande vya programu zenyewe, kwa sababu inajua vipo kwenye diski na itavisoma tena. Inavitupa, inavisoma, inavitupa. Kuganda kunabaki palepale, na muuaji wa ndani ya kerneli, yule anayetakiwa kuua programu RAM ikiisha, anachelewa mno kwa kuwa machoni pake bado kuna nafasi ya kukomboa.

Nilichofanya ni kuweka zram. Hii ni swapu inayokaa ndani ya RAM yenyewe ikiwa imebanwa. Kwa kawaida data hubanwa hadi nusu au theluthi ya ukubwa wake, na kubana kwa prosesa, hata ya Celeron, ni haraka kuliko kwenda eMMC na kurudi. Fedora, Linux nyingine, waliifanya kuwa ya kawaida tangu toleo la 33 mwaka 2020. Kwenye Ubuntu, Mint na Debian:

`sudo apt install zram-tools earlyoom`

Kisha kwenye `/etc/default/zramswap` niliandika `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, nikaanzisha upya huduma ya zramswap, na kuhakikisha kwa `swapon --show`. Nikapandisha `vm.swappiness`, kipimo cha jinsi kerneli inavyopenda kutumia swapu, hadi 150. Zamani tulifundishwa kuishusha hadi 10, lakini hiyo ilikuwa kwa swapu ya diski. Tangu kerneli 5.8 kipimo kinafika 200, makusudi kwa ajili ya swapu za kasi kama hii.

Earlyoom ndiyo naipenda zaidi. Inachungulia RAM na swapu. Vyote viwili vikishuka chini ya asilimia 10, inaifunga programu iliyojitanua kabla mashine haijakwama. Wengine watakwambia ubonyeze Alt+SysRq+F, kumwita kwa mkono yule muuaji wa kerneli. Kwenye Ubuntu haitakuitikia, maana `kernel.sysrq` imewekwa 176 na namba hiyo hairuhusu F, mpaka uifanye 240.

Mwisho nikaondoka GNOME, mazingira ya skrini yanayokuja na Ubuntu, nikamwekea Xfce iliyo nyepesi. Kwenye mashine ile peke yake tofauti ilikuwa karibu nusu gigabaiti mara tu baada ya kuwaka.

Ule ugonjwa mwingine, wa kimya kabisa: anza na `journalctl -k -b -1`, inayoonyesha kerneli ilisema nini kabla ya kufa. Ukiona makosa ya mmcblk0, ambalo ndilo jina la eMMC ndani ya Linux, soma `/sys/block/mmcblk0/device/life_time`; 0x01 ni eMMC mbichi, 0x0b imepita umri wake, hamisha mafaili leo. Usihangaike na smartctl, kile kipima afya ya diski, haisomi eMMC. Laptopu za zamani kidogo za Celeron N2840 na nduguze wa ukoo wa prosesa za Intel uitwao Bay Trail zilikuwa na gonjwa lao la kuganda prosesa ikilala usingizi mzito, `intel_idle.max_cstate=1` kwenye mstari wa grub, programu inayowasha Linux, huzituliza, ila betri itakulaumu. Na angalia vumbi kwenye feni, kama feni ipo.

Baada ya wiki mbili dada akanipigia. Haijaganda tena, lakini ana lalamiko: "Fundi, kuna ukurasa umejifunga wenyewe, nilikuwa na kurasa kama ishirini." Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo ndiyo dawa inafanya kazi. Ripoti yako ilipotea? Akasema hapana.