Jua ni la bure, betri hununuliwa: dhana potofu kuhusu sola ya kijiji

Dhana inayoua miradi ya sola ya kijiji kuliko zote ni hii: jua halilipiwi, basi na umeme wake usilipiwe. Jua ni la bure kweli. Lakini taa inayowaka saa tatu usiku inakula betri, na betri huchakaa. Paneli nzuri huzalisha umeme miaka 25 na zaidi. Betri za risasi na asidi hudumu miaka michache tu, tena hufa mapema zikikamuliwa hadi chini kila usiku. Za lithiamu huvumilia zaidi, mara nyingi hadi miaka 10 hivi. Kwa hiyo kijiji kitanunua betri tena, na pengine tena, kabla paneli hazijazeeka. Pasipo mfuko wa akiba, paneli hubaki zinang'aa juu ya paa huku watoto wakirudia kusoma kwa kibatari. Inauma kuona hivyo. Anayeleta mtambo bila kukaa na wanakijiji kukubaliana nani atalipia betri za pili hajamaliza kazi. Ada ndogo ya kila mwezi, na kamati inayosoma hesabu mbele ya mkutano, ni sehemu ya mtambo kama zilivyo nyaya.

Wengi pia huamini kwamba joto likizidi, umeme huzidi. Paneli hutaka mwanga, si joto. Wati zilizoandikwa nyuma yake zilipimwa seli, yaani vipande vya paneli vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa na nyuzijoto 25. Kila nyuzi inayozidi hapo hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 0.4. Mchana wa jua kali seli zinaweza kufika nyuzi 60. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huacha nafasi kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Mawingu nayo hayazimi paneli, huipunguza tu.

"Sola ni ya taa na simu." Hapana. Mtambo wa pamoja uliopigiwa hesabu vizuri husukuma pampu ya maji, friji ya chanjo, hata mashine ya kusaga. Ila hesabu iheshimiwe: taa ya LED hula kama wati 7, birika la umeme wati 2,000, yaani taa zaidi ya 280 kwa mpigo. Mashine ya kusaga ifanye kazi mchana, paneli zikiilisha moja kwa moja, betri zipumzike.

Na hii ya kwamba sola ikishafungwa haina matunzo? Vumbi hufutwa asubuhi, paneli zikiwa bado baridi. Betri za risasi zenye vifuniko vya kufungua huongezwa maji yaliyotoneshwa (distilled water), si ya kisima, kwa kuwa chumvi za kisimani huziharibu. Mtu mmoja kijijini afundishwe kazi hiyo, alipwe, na apewe daftari la tarehe. Sahani za risasi zilizo ndani ya betri zikiachwa wazi bila maji, fundi akija baadaye hana la kuziokoa.