Alama za kujitegemea kwa wazee: zinapima nini hasa?

Dhana: Kinachopimwa ni uwezo wa mzee.

Kinachopimwa ni anachokifanya. Kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965 na kinachotumika hadi leo katika makao mengi ya wazee, kina vipengele 10, vikiwemo kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni na kutoka kitandani hadi kitini. Jumla ni kuanzia 0 hadi 100. Mpimaji haulizi kama mzee angeweza kuvaa mwenyewe. Anauliza kama huwa anavaa mwenyewe.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mzee anajua kufunga vifungo vyake, ila huchukua muda mrefu, na mhudumu ana wengine wengi wanaomsubiri. Basi anavalishwa kila asubuhi, na fomu inaandika kwamba havai mwenyewe. Alama hiyo inaeleza ratiba ya makao kuliko mwili wake. Akizidi kufanyiwa kila kitu, viungo hukakamaa, misuli hulegea, na kilichoandikwa kwenye fomu huja kuwa kweli. Kwangu hili ni jambo zito: tunamnyang'anya mtu uwezo wake huku tukiamini tunamtunza.

Dhana: Anayetembelea mkongojo hajitegemei.

Anajitegemea. Kinachopunguza alama ni msaada wa mtu, hata ule wa kusimama karibu naye ili asianguke.

Dhana: Mwenye alama 100 anaweza kuishi peke yake.

Barthel haigusi kupika, kutunza fedha wala kumeza dawa kwa wakati. Hayo yamo katika kipimo cha Lawton na Brody cha mwaka 1969. Kumbukumbu nayo haimo, kwa hiyo mzee aliyesahau njia ya kurudi chumbani kwake anaweza kupata alama zote. Tena, wawili wenye 90 wanaweza kuhitaji huduma tofauti kabisa: mmoja kashindwa kuzuia haja kubwa, mwingine kashindwa kupanda ngazi. Soma kipengele kwa kipengele.

Dhana: Alama zikishuka, ni uzee tu.

Uzee haumwangushi mtu ndani ya siku tatu. Aliyekuwa akila mwenyewe wiki iliyopita na leo analishwa huenda ana maambukizi, maumivu, upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya haijamkubali. Aitiwe daktari, kisha apimwe tena akipata nafuu.