Mzee na simu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Akili ya mzee imeshachoka, hawezi tena kujifunza simu.

Katika kazi yangu ya kuwafundisha wazee matumizi ya simu, hakuna kauli inayoniudhi kama hii, hasa inapotamkwa na mtoto huku mzazi wake ameketi papo hapo akisikia. Ni kweli kwamba umri hupunguza kasi ya kujifunza hatua mpya, lakini kuchelewa si kushindwa, na mara nyingi kinachomkwamisha mzee kimo machoni na vidoleni. Kuanzia takriban miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa na maandishi ya karibu hufifia; ngozi ya vidole nayo hukauka uzeeni, na kioo cha simu, ambacho hutambua mguso kwa sababu kidole hupitisha umeme, huwa kizito kuitikia. Bibi mmoja aliyezoea vitufe vya kitochi alikuwa akikandamiza jina la mwanawe mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe, simu ikamfungulia orodha ya mambo asiyoyaomba. Nilimwonyesha kugusa upesi, kama mtu anayepima pasi iwapo imepata moto, nikakuza maandishi na kurefusha muda wa mguso katika mipangilio. Siku hiyohiyo alimpigia mwanawe bila msaada.

Kibaya zaidi ni haraka yetu. Mzee akisita kidogo, mjukuu huichukua simu: «Lete bibi, nikufanyie.» Hapo bibi hajifunzi chochote isipokuwa kwamba anasumbua. Tafadhalini, wekeni mikono nyuma, mwacheni abonyeze mwenyewe hata mara kumi.

Dhana: Kitochi ndicho kinachomfaa mzee.

Si lazima. Menyu ya *150*00#, ambayo mwenye kitochi huitumia kutuma pesa kwa M-Pesa ya Vodacom Tanzania, hujifunga ukichelewa kuchagua, na asiyesoma vizuri hupata nafuu kubwa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Dhana: Ni salama zaidi mjukuu akiijua namba ya siri.

Hapana, hata mjukuu akiwa mwaminifu, kwa sababu siku salio litakapopungua mzee atamshuku kila aliyemo nyumbani. Ujumbe wa «ile hela itume kwenye namba hii» huwanasa vijana pia, kwa hiyo umri si sababu ya kumpokonya mtu mkoba wake. Mfundisheni kutotuma chochote kabla ya kumpigia mhusika kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani na kuisikia sauti yake.