Vyanzo vya msingi katika kazi mradi ya historia: dhana potofu na ukweli wake

Mwanafunzi wa sekondari akiambiwa achague mada ya kazi mradi ya historia, mara nyingi huchagua Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wananchi wa kusini walipopigana na utawala wa Wajerumani. Ni chaguo zuri. Kwa kuwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, hana tena kisingizio cha lugha. Kinachomkwamisha ni agizo la mwalimu: "Tumia vyanzo vya msingi," yaani ushahidi uliotoka moja kwa moja kwa watu au wakati unaochunguzwa. Hapo ndipo dhana potofu zinapojitokeza, na nyingi zinatoka kwetu sisi watu wazima tuliozirithi bila kuzihoji.

Dhana: Chanzo cha msingi ni maandishi ya zamani.

Umri wa karatasi hautoshi. Chanzo huwa cha msingi kwa swali fulani, na kwa swali jingine kinaweza kisiwe cha msingi hata kidogo. Chukua hotuba ya Julius Nyerere mbele ya Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa, New York, Desemba 1956. Aliieleza kamati kwamba watu wa 1905 walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mzungu ana haki ya kuwatawala. Swali lako likiwa "Kwa nini Wamatumbi waling'oa pamba Julai 1905?", Nyerere hawezi kuwa shahidi wako, maana alizaliwa 1922. Likiwa "TANU iliitumiaje kumbukumbu ya Maji Maji kudai uhuru?", hotuba hiyohiyo inakuwa chanzo cha msingi cha daraja la kwanza.

Ndiyo maana swali hutangulia chanzo. Mwanafunzi anayekusanya nyaraka kwanza na kutafuta swali baadaye hujikuta na rundo la karatasi asilojua la kulifanyia.

Hapa niseme neno kuhusu tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969, kwa sababu wanafunzi wengi wameisoma na huichomeka kwenye kazi kama ushahidi. Mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake ni zao la ubunifu, tofauti na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, ambaye Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Maneno ya mhusika jukwaani hayawezi kuwa ushahidi wa alichosema mtu huyo. Lakini ukitaka kujua Watanzania wa miaka ya 1960 walivyoifikiria vita ile, tamthilia inakufaa sana.

Dhana: Aliyekuwepo ndiye mkweli, na aliyeandika kwa upendeleo hafai.

Hizi ni dhana mbili, lakini ninaziweka pamoja kwa sababu mwanafunzi huikimbia ya kwanza akaangukia ya pili. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani vita ilipoanza, na mwaka 1909 alichapisha kitabu kuihusu. Alikuwepo, alipokea ripoti, alitoa amri. Je, tumwamini anaposema chanzo cha vita kilikuwa waganga na imani za kishirikina? Jiulize angepoteza nini kama angesema vingine. Chanzo kikiwa ni uchawi, basi si kodi, si viboko vya maakida waliowekwa na Wajerumani kusimamia vijiji, wala si mashamba ya pamba ambako watu walilazimishwa kwenda kufanya kazi kwa ujira usiostahili kuitwa ujira. Na kama si hayo, gavana naye hana lawama.

Hata hivyo, kumtupa Götzen na wenzake ni hasara kubwa. Katika kumbukumbu za upande wa Wajerumani yamo maoni ya ofisa wao, Kapteni Wangenheim, kwamba ni njaa na ufukara tu vitakavyowafanya watu wasalimu amri kabisa, na kwamba mapigano peke yake hayatafua dafu. Hakuna aliyemlazimisha kuandika hivyo. Aliyaandika kama ushauri wa kijeshi kwa wenzake. Leo ushauri ule ni ushahidi mzito kwamba njaa iliyoua watu wengi kusini ilikuwa silaha: mashamba na maghala ya chakula yaliteketezwa kwa makusudi. Mtu hujishuhudia pale ambapo hadhani kuna wa kumhukumu. Kwa hiyo unaposoma waraka wa mtawala, tafuta anachokisema kama jambo la kawaida tu. Mara nyingi humo mna mengi kuliko kwenye utetezi wake.

Dhana: Vyanzo vikipingana kuhusu idadi, chukua wastani.

Hili hufanywa na wanafunzi werevu kabisa. Wanaona takwimu ya Wajerumani ya Waafrika 75,000 waliokufa, wanaona makadirio ya wanahistoria wa baadaye ya 250,000 hadi 300,000, wanajumlisha na kugawanya. Jibu wanalopata halijawahi kutolewa na yeyote, wala halina ushahidi wowote nyuma yake.

Uliza kila namba ilipatikanaje na inamhesabu nani. Je, ni waliopigwa risasi tu, au na waliokufa kwa njaa baada ya bunduki kunyamaza? Kisha weka takwimu hizi mbili karibu. Kwa upande wao, Wajerumani waliandika vifo vya Wazungu 15, askari 73 na wapiganaji wasaidizi 316. Kwa upande wa wenyeji waliandika elfu sabini na tano. Upande mmoja umehesabiwa mtu mmojammoja, upande wa pili umekadiriwa kwa maelfu. Tofauti hiyo peke yake inakueleza nani alionekana kuwa mtu katika daftari la serikali. Aya moja juu ya jambo hili ina thamani kuliko wastani wowote.

Dhana: Masimulizi ya wazee ni hadithi, si chanzo.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu Dar es Salaam waliingia vijijini kusini kuwahoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita. Waliyoyakusanya, kuhusu pamba, kazi za kulazimishwa na namna maji hayo ya dawa yalivyosafiri kutoka kijiji hadi kijiji, yalibadilisha uelewa wa vita hii. Bila wazee wale tungebaki na Götzen na wenzake.

Lakini kumheshimu mzee hakuzuii kumhoji. Kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63, na nchi ilikuwa imepata uhuru 1961 na kutangaza Azimio la Arusha 1967. Mzee aliyehojiwa mwaka ule alikumbuka akiwa ndani ya taifa linalotafuta mashujaa wake. Masimulizi yake yana tabaka mbili, la tukio na la wakati wa kusimulia, na kazi yako ni kuzitambua zote mbili.

Dhana: Picha haidanganyi.

Picha haisemi ilipigwa wapi. Wajerumani walipigana pia Namibia kuanzia 1904, kwa hiyo picha ya wafungwa waliofungwa minyororo, isiyo na maelezo ya asili yake, inaweza kuwa ya huko. Kama huwezi kuonyesha aliyeipiga, mahali na mwaka, usiifanye nguzo ya hoja yako.

Dhana: Bila kufika kwenye nyaraka za Dar es Salaam huna chanzo.

Nyaraka za Taifa zina mafaili ya enzi ya Wajerumani, lakini ni ya Kijerumani na mengi yameandikwa kwa mkono wa kizamani unaosumbua hata Wajerumani wa leo. Mwanafunzi wa Songea ana Makumbusho ya Majimaji hapohapo mjini, pamoja na kaburi la pamoja la walionyongwa Februari 1906. Kwingineko kuna daftari za ubatizo za misheni, stakabadhi za kodi zilizotunzwa sandukuni, mawe ya makaburi, barua za babu aliyefanya kazi mkongeni. Omba ruhusa kwa mwenye mali, piga picha mbele na nyuma, kisha andika ilikotoka. Ukimrekodi mzee, andika umri wake, alisikia kwa nani au aliona mwenyewe, na swali ulilomuuliza kama ulivyolitamka, kwa sababu jibu lake limeegemea swali hilo. Mengi anayoyajua hatayasema siku ya kwanza. Rudi tena, umsomee ulichoandika, naye akusahihishe.