Je, wajua kwa nini Mkatoliki haungami kwa simu?

Tangu wakati wa Korona, Wakatoliki wengi wamezoea Misa mubashara, rozari za WhatsApp na novena za YouTube. Lakini kuungama hakukuhamia mtandaoni. Ukiuliza sababu, wengi watakujibu kwamba ni siri: simu hurekodiwa, ujumbe huvuja, na dhambi za mtu zinaweza kuzagaa mtaani.

Hofu hiyo ni ya haki, na sheria ya Kanisa humwadhibu anayerekodi maungamo. Lakini katazo lenyewe ni la zamani kuliko simu. Mwaka 1602, Papa Klementi VIII alilaani fundisho kwamba mtu anaweza kumwungamia padre asiyekuwepo, kwa barua au kwa mjumbe, na kupewa maondoleo ya dhambi kutoka huko huko mbali. Barua iliyopigwa lakiri ingeweza kutunza siri vizuri tu. Kilichokosekana ni padre na muungamaji kuwa mahali pamoja.

Ajabu ni kwamba baraka ya Papa ya Urbi et Orbi (kwa Jiji na kwa Ulimwengu), pamoja na rehema kamili yake, yaani kufutiwa adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, humfikia hata anayeifuata kwa redio, televisheni au intaneti. Kwa nini baraka ipite hewani na maondoleo yasipite? Kwa sababu baraka ni sala ya Kanisa, na sala haizuiwi na umbali. Sakramenti ni tendo, na tendo linataka waliopo. Fikiria msiba: rambirambi unaweza kutuma kwa simu ukiwa popote, ikapokelewa kwa shukrani, lakini jeneza hubebwa na waliofika. Ndivyo ilivyo kwa maji ya ubatizo, ndivyo ilivyo kwa kitubio, yaani sakramenti ya kuungama. Muungamaji hujileta mwenyewe, na padre humwondolea huyo aliye mbele yake. Ndiyo maana hati ya Vatican ya mwaka 2002 ilisema wazi kwamba kwenye intaneti hakuna sakramenti.

Hata hivyo, simu iliwasumbua wanateolojia. Barua huja baadaye, lakini sauti ya simu husikika papo hapo. Je, anayesema bado ni mtu asiyekuwepo? Mwaka 1884, simu ikiwa na miaka minane tu, Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatican inayoshughulikia mambo ya kitubio, iliulizwa kama padre anaweza kuondolea dhambi kwa simu katika hatari kubwa kabisa. Ilijibu kwamba hakuna la kujibu. Na Desemba 2020, mkuu wa idara hiyo, Kardinali Mauro Piacenza, alisema maondoleo ya namna hiyo yaelekea si halali. Hata hapo neno ni “yaelekea”.

Mpaka wenyewe ulionekana vizuri Machi 2020, wagonjwa wa Korona walipokuwa wakifa bila padre kuweza kuwakaribia. Idara hiyo hiyo ilikumbusha kwamba, kwa dharura kama hiyo, maondoleo ya pamoja yanaweza kutolewa kwenye mlango wa wodi, hata kwa kipaza sauti ili wagonjwa wasikie. Kwa hiyo umeme si tatizo, mradi padre yupo pale mlangoni. Asiyefikiwa kabisa hakuachwa: akijuta kwa kumpenda Mungu kuliko vyote, na kuazimia kwa dhati kuungama mara itakapowezekana, husamehewa hata dhambi za mauti.